Kuzidisha Mapigo

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa haraka haraka haina baraka. Hata hivyo, wahenga hao hawakupata kumiliki tarakilishi ya mitumba, wala hawakukesha wakisubiri mtambo umalize kazi ambayo tarakilishi ya jirani huimaliza kwa nusu ya muda. Mnamo mwaka wa 2003, mwanafunzi mmoja wa Kiswahili jijini Nairobi alikuwa na tarakilishi ya namna hiyo. Aliinunua kwa fedha alizozidunduliza kutoka kwenye mkopo wake wa masomo. Ndani yake mlikuwa na kichakataji cha Celeron 300A, ambacho kampuni ya Intel ilikitoa mwaka wa 1998.

Utafiti wa mwanafunzi huyo ulihusu fasihi simulizi na msamiati wa wavuvi wa Mombasa: majina ya pepo, ya nyavu na ya sehemu za chombo. Alirekodi masimulizi kwenye kanda, akayahamishia katika tarakilishi, kisha akayabana ili yasijaze diski. Kwa kuwa kanda zilimgharimu, kila alipomaliza kuhamisha sauti alirekodi mengine juu ya yale ya awali. Kubana sauti za kanda moja kulichukua dakika 90. Hapo ndipo rafiki yake wa bwenini alipomnong'onezea siri ya kuzidisha mapigo.

Siri yenyewe si uchawi. Kichakataji, ambacho ndicho bongo la tarakilishi, hufanya kazi kwa kufuata mapigo ya saa. Kasi ya mapigo hayo ni zao la tarakimu mbili: kasi ya njia kuu inayokiunganisha kichakataji na kumbukumbu, na kizidisho cha kichakataji chenyewe. Katika Celeron 300A, njia kuu ilikuwa ya megahezi 66 na kizidisho kilikuwa 4.5, hivyo zao lake lilikuwa takriban megahezi 300. Intel ilikifunga kizidisho kisibadilishwe, lakini mwenye ubao mkuu unaofaa aliweza kuipandisha njia kuu hadi megahezi 100. Nayo 4.5 mara 100 ni 450. Kichakataji cha bei nafuu kikaweza kwenda bega kwa bega na Pentium II ya megahezi 450, iliyouzwa ghali mno wakati huo. Vingi vya vichakataji hivyo vilistahimili mwendo huo, na sifa zake zikaenea kote duniani.

Mwezi wa Julai, baridi ya Nairobi ikiwa imetanda, mwanafunzi aliiwasha tarakilishi, akabonyeza kitufe cha Delete, akaingia katika biosi na kuibadilisha tarakimu moja. Tarakilishi iliwaka bila kinyongo. Dakika 90 zikawa 60. Aliandika kurasa mbili, akasikiliza wimbo mmoja, akaridhika kuwa kazi imekwisha. Jaribio lake lilikuwa hilo tu.

Desemba alisafiri na tarakilishi yake hadi kwao Mombasa. Kaskazi ilikuwa imeingia, na joto la chumbani lilipita nyuzi 30. Alimtembelea mvuvi mmoja mkongwe ambaye, kwa muda wa alasiri nzima, alimsimulia habari za pepo: ule unaotangulia mvua, ule unaogeuka usiku, na ule ambao baharia huujua kwa harufu kabla haujamfikia. Usiku ule mwanafunzi aliyahamisha masimulizi na kuyabana. Tarakilishi haikuzima wala haikutoa onyo lolote. Asubuhi iliyofuata, kanda ile ile ilirekodiwa nyimbo za arusi.

Aliporejea Nairobi mwezi wa Januari ndipo alipoyasikiliza. Sauti ya mzee ilikatika kila baada ya sentensi chache, ikachanganyika na mikwaruzo, na penye majina ya pepo palikuwa na mapengo. Kwenye kanda hapakuwa na kitu isipokuwa vigelegele.

Kilichotokea kinaelezeka. Joto linalozalishwa na kichakataji huongezeka sambamba na kasi ya mapigo, na huongezeka pia kwa kipeo cha pili cha volteji. Kasi ikipandishwa kwa asilimia 20 na volteji kwa asilimia 10, joto hupanda kwa takriban asilimia 45. Feni haiumbi baridi. Kazi yake ni kusukuma hewa iliyomo chumbani. Chumba kikizidi joto, kichakataji nacho huzidi. Transista zenye joto jingi huchelewa kubadilika, na pigo linalofuata likifika kabla ya jibu kuwa tayari, kichakataji huchukua jibu lisilo sahihi na kuendelea kana kwamba hapakuwa na kosa. Kuzima ghafla ni msiba unaojitangaza. Kosa la kimyakimya ni baya zaidi, kwani mwenye mtambo huendelea kuuamini.

Hata watengenezaji wamewahi kuumbuka. Mwaka wa 2000 Intel ililazimika kukirudisha kichakataji chake cha Pentium III cha gigahezi 1.13, wiki chache tu baada ya kukitoa, kwa sababu hakikuwa thabiti katika kasi kiliyopewa.

Anayetaka kuanza, basi, na aanze na nakala. Kila kilicho cha thamani kiwe kimehifadhiwa nje ya tarakilishi hiyo kabla ya tarakimu yoyote kuguswa. Pili, aandike tarakimu za awali kwenye karatasi, na ajue jinsi ya kuirudisha biosi katika hali yake ya kwanza kwa kufuata kitabu cha ubao mkuu. Tatu, asafishe vumbi, ahakikishe feni inazunguka, na apime joto tarakilishi inapofanya kazi nzito. Nne, apandishe kasi hatua moja ndogo, kisha ajaribu, na wala asiruke ngazi. Jaribio la haki ni la saa nyingi. Programu ya Prime95, iliyobuniwa kwa ajili ya kutafuta namba tasa, hukipa kichakataji hesabu ngumu ambazo majibu yake yanajulikana. Jibu moja likikosewa, kasi hiyo haifai, hata kama tarakilishi haijazima. Tano, volteji iguswe mwisho na kwa kiasi kidogo mno, kwa sababu ndiyo huleta joto na hufupisha maisha ya kichakataji. Hatimaye, jaribio lirudiwe katika msimu wa joto, kwa maana kilichostahimili Julai hakijathibitishwa kwa Desemba.

Siku hizi njia imebadilika kidogo. Vichakataji vya Intel vyenye herufi K mwishoni mwa jina, na vingi vya aina ya Ryzen kutoka AMD, huuzwa vikiwa na kizidisho kisichofungwa. Tena, tangu Intel ilipoleta Turbo Boost mwaka wa 2008, vichakataji vimejifunza kujizidishia mapigo vyenyewe joto linaporuhusu, na faida anayoachiwa mwanadamu imepungua. Hata hivyo, kanuni imebaki ile ile. Kasi iliyoandikwa kwenye kichakataji ni ile ambayo mtengenezaji anatarajia kitaimudu chumbani kwenye joto, na kwa miaka mingi. Pengo lililopo kati ya kasi hiyo na upeo wa kichakataji si mali iliyosahauliwa. Ni akiba, na anayeitumia sharti ajue anaitumia.

Wakati wa likizo ya Aprili mwanafunzi alirudi Mombasa, tarakilishi yake ikiwa imerejeshwa kwenye megahezi 300. Alimwamkia mzee, akaeleza yaliyompata, akaomba asimuliwe tena habari za pepo. Mzee hakukasirika. Alisimulia, lakini kwa ufupi, na majina mawili ambayo mwanafunzi aliyakumbuka nusunusu hayakutajwa.

"Babu, siku ile ulitaja na mengine," mwanafunzi alisema.

"Yale nalikwambia siku ile, mjukuu wangu," mzee akajibu. "Leo nakwambia haya."

Wanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa darasani kuwa hakuna utendaji unaorudiwa vilevile. Mwanafunzi yule aliwahi kulijibu swali hilo katika mtihani na kupata alama nzuri. Tasnifu yake ilikamilika, ikiwa na orodha ya pepo iliyopungua majina mawili. Kila kanda ya pili ilibanwa kwa dakika 90, naye hakunung'unika. Kanda zenyewe hakuzirekodi tena juu yake.