Salamu katika Barua ya Mwaka wa Maradhi

Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wangu kuwa salamu ni ganda tu la barua. "Sisi huku hatujambo, hofu ni kwenu": hayo, nilidai, ni mazoea ya fani, na maudhui huanza pale mwandishi anaposema "ama baada ya salamu". Insha hii ni toba ya dai hilo.

Hivi karibuni nilisoma barua ambazo msichana mmoja, mwanafunzi wa chuo cha wanawake katika jimbo la Massachusetts, Marekani, aliwaandikia wazazi wake kati ya Septemba na Novemba 1918. Homa ya mafua ilikuwa imezuka Boston mwishoni mwa Agosti, na mnamo Septemba ikawafyeka askari katika kambi ya Devens. Inakadiriwa kuwa homa hiyo iliua watu wapatao milioni 50 ulimwenguni, na iliwaua kwa wingi usio wa kawaida vijana wa miaka 20 hadi 40. Yaani, ililitafuta rika lake.

Hata hivyo, barua zenyewe zimejaa mambo madogo. Wamekatazwa kutoka nje ya chuo. Vitanda vya wagonjwa vimepangwa katika ukumbi wa mazoezi. Wauguzi ni haba kwa kuwa wengi wamekwenda vitani. Mtihani wa Kilatini umeahirishwa. Mhakiki aliyezoea tanzia ataziona barua hizi kuwa nyepesi. Pengine ndiyo maana fasihi yenyewe ilikawia kulipa janga hili nafasi yake: Katherine Anne Porter, aliyenusurika homa hiyo huko Denver, alikichapisha kitabu chake *Pale Horse, Pale Rider* mwaka 1939, miaka 21 baadaye.

Lakini kila barua ya msichana huyu inatangulizwa na habari za uzima. Mwanzoni ni wazima wao wawili, yeye na mwenzake wa chumbani. Katikati ya Oktoba wingi unageuka umoja: yeye ni mzima. Hafafanui, anaendelea na habari za Kilatini. Sidhani kuwa mama yake alihitaji ufafanuzi.

Nilipofika hapo sikuweza kuendelea kusoma. Vyuo vyetu vilipofungwa Machi 2020, mwanafunzi mmoja wa uzamili niliyekuwa nikimsimamia alirudi kwao. Aliniandikia kila wiki, na kila mara alianza, "Mwalimu, hatujambo." Wiki moja aliandika, "Mwalimu, sijambo," akaambatisha sura ya tatu ya tasnifu. Nilimjibu siku iyo hiyo kwa kurasa mbili za masahihisho, nyingi zikihusu upatanisho wa kisarufi. Miezi kadhaa ilipita kabla sijapata habari kwamba wiki ile alikuwa amemzika mamake.

Mimi ndiye niliyemfundisha kuwa kiambishi hubeba maana. Nilikuwa nacho mbele ya macho yangu, nikakiruka ili nifikie sura ya tatu, ambako niliamini ndiko kwenye maandishi.

Tasnifu hiyo ilipita. Jana nilimwandikia mwenyewe, na barua yangu haikuwa na lolote baada ya salamu.