Kwanza Leso, Kisha Simu

Apitaye Barabara ya Accra, jijini Nairobi, husikia makanga wakiita abiria kama katika kituo chochote cha matatu. Ni hapa, Novemba 2014, ambapo kundi la wanaume lilimvua mwanamke nguo, na kanda ikaenezwa mtandaoni. Tarehe 17 wanawake waliandamana hadi hapa kutoka Uhuru Park. Mwezi uliofuata sheria iliweka kifungo kisichopungua miaka 10 kwa kosa hilo. Kanda ile ilifichua dhuluma, lakini pia ilimvua mdhulumiwa sitara mara ya pili. Basi, dada zangu, tukirekodi, tumrekodi mkosaji. Aliyedhulumiwa tumfunike leso kwanza, na kanda isienee bila ridhaa yake.