Farasi wa kwenye ile video hakuwa anamkimbilia staa

Wadau, wiki iliyopita ile klipu imerudi tena mitandaoni. Mnaijua. Staa wetu mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, amesimama katikati ya majani na koti jeupe, anapiga mluzi, halafu farasi wa kahawia anatoka mbali huko anakuja mbio mpaka pale alipo. Mlima Meru nyuma. Kali kinoma.

Chini ya klipu watu wakaanza kubishana. Upande mmoja wanasema farasi anamjua bosi wake. Upande wa pili wanasema wapi, farasi siyo mbwa, hata umwite mpaka kesho haji, hapo kompyuta imefanya kazi yake.

Nimeusoma ule ubishi mpaka saa nane usiku, usingizi ukakata. Mi nilikuwepo siku ile. Na pande zote mbili zimekosea.

Iko hivi. Nilipomaliza kidato cha nne matokeo yalikuja ya kunikalisha kijiweni. Mama hakutaka kuniona nimekaa, akanipeleka kwa mjomba, Usa River, nje kidogo ya Arusha. Mjomba alikuwa mtunza farasi kwenye shamba moja la watu wanaopokea watalii. Farasi walikuwa tisa. Mimi farasi nilikuwa nimewaona kwenye muvi tu, kwa hiyo siku ya kwanza nilisimama mlangoni kama nimepigwa shoti, mjomba anacheka tu.

Kazi yenyewe: asubuhi jua likishatoka unawafungulia wanaenda malishoni, jioni kabla giza halijaingia unawarudisha bandani. Mjomba hakuwa mtu wa kupiga kelele. Anasimama getini, anagonga ndoo mara mbili kwa kiganja, anasema, "Haya wazee, nyumbani." Basi. Wa kwanza kuja siku zote ni Asali, jike la kahawia, wengine wanamfuata.

Nikaiga. Nikagonga ndoo ile ile, maneno yale yale. Wiki tatu nzima wananiangalia tu kisha wanaendelea kula majani. Nikamwambia mjomba hawa wamenikataa. Akanambia, "Hawajakukataa, mjomba. Hawajajua bado kwamba wewe ukiita kuna nini."

Na ujue walikuwa wanasikia. Farasi masikio yake yanageuka kila moja kivyake. Unamwita, kichwa kiko chini anakula, lakini sikio moja limeshakugeukia. Kakusikia, anaamua. Baadaye nilivyoanza kusomasoma nikakuta watafiti wa Uingereza mwaka 2012 walionyesha kwamba farasi anaunganisha sauti ya mtu anayemfahamu na sura yake. Na wa Ufaransa mwaka 2010 wakaonyesha kwamba farasi aliyefundishwa kwa kupewa chakula kama zawadi anakumbuka hata baada ya miezi, na anamsogelea binadamu kwa urahisi zaidi. Mjomba hayo hajasoma popote, ila alikuwa anayajua.

Sheria zake zilikuwa chache. Usigonge ndoo tupu, hata siku moja. Usimwite farasi halafu ukamchapa. Akija mpe kitu, hata konzi moja ya pumba, hata kumkuna shingoni. Na siku moja moja mwite, mpe, halafu mwachie arudi malishoni, asije akadhani kila akiitwa ni kazi.

Kwa hiyo jibu la ule ubishi ni hili: farasi anakuja akiitwa. Ila haji kwa sababu wewe ni maarufu. Anakuja kwa sababu ya kile alichokikuta mara ya mwisho alipokuja.

Sasa siku ya kushuti. Walikuja na magari matatu. Mjomba alikuwa ameenda mjini kununua pumba, nikabaki mimi. Staa akasimama, akapiga mluzi. Asali sikio moja, akaendelea kula. Akapiga tena. Akamwita "baby, njoo". Wapi. Vijana wa kamera wakaanza kucheka chini chini, staa akanuna, akarudi kwenye gari.

Meneja wake akanifuata. "Dogo, wewe unaweza?" Nikasema naweza. Kwa mara ya kwanza tangu matokeo yatoke kuna mtu alikuwa ananihitaji. Wakaniweka nimechuchumaa nyuma ya kamera na ndoo. Staa anapiga mluzi, mi nagonga. Asali huyo, mbio! Nikampa pumba zake. Dairekta akasema nzuri, turudie. Tukamrudisha kule mwisho. Tukarudia ya pili, ya tatu, mpaka ya sita pumba zikaisha.

Nikawaambia zimeisha. Meneja akatoa elfu hamsini, akanishikisha mkononi. "Gonga tu hiyo ndoo dogo. Kwani yeye anajua zimeisha?"

Nikagonga.

Asali akaja mbio, akaingiza mdomo, hakuna kitu. Akaniangalia. Tukamrudisha, nikagonga tena. Mara nne zaidi. Ya mwisho alikuja anatembea, akafika katikati akasimama, akageuka. Dairekta akasema haina shida, tumeshapata.

Kaiangalieni vizuri ile klipu. Masikio ya farasi hayajamwelekea staa, yanaangalia nyuma ya bega lake. Staa anafungua mikono, na farasi anampita kidogo kabla hawajakata. Ni kwa sababu ndoo ilikuwa nyuma yake, na mimi nyuma ya ndoo.

Mjomba aliporudi sikumwambia kitu. Kesho yake jioni akagonga ndoo yake, Asali akaja mpaka kama hatua ishirini, akasimama. Mjomba akamwangalia, halafu akaniangalia mimi. "Umempa ndoo tupu?"

Nikasema yote, mpaka ile elfu hamsini. Hakunitukana. Bora angenitukana. Alisema tu, "Hiyo hela hukupewa na wao. Umeitoa kwangu."

Kuanzia siku hiyo akawa anamfuata kila jioni na pumba mkononi, bila ndoo. Baada ya siku kadhaa akarudi kumwamini yeye. Mimi hapana. Nikisogea anasogea.

Masika yakaingia. Jioni moja mjomba akapigiwa simu, kuna msiba Rombo, akaondoka. Akanambia, "Wote wawe ndani kabla ya giza. Wote." Nikawaingiza wanane. Asali akabaki kule mwisho. Nikagonga ndoo. Safari hii imejaa, jamani, imejaa mpaka juu. Sikio likageuka. Akaiona ndoo, akaenda mbali zaidi. Nikaiweka chini, nikamfuata kwa mguu. Nikifika anahama. Mvua ikaanza, giza likaingia, uwanja ni mkubwa, namwita nalia kabisa. Saa tatu usiku nikakata tamaa. Alilala nje.

Kwa nini lazima waingie kabla ya giza? Kuna ugonjwa wa farasi wa huku huku kwetu Afrika, virusi vinavyoenezwa na visubi, vile vidudu vidogo kuliko mbu. Visubi vinauma sana kuanzia jua linapozama mpaka alfajiri, na msimu wa mvua ndio vinazaliana. Pundamilia anaweza kuwa na hivyo virusi asionekane kuumwa. Farasi anakufa. Chanjo ipo na Asali alikuwa amechanjwa, ila virusi vyenyewe viko vya aina tisa na chanjo haimkingi kila farasi.

Kama wiki moja baadaye akapata homa. Juu ya macho pakavimba. Akawa anahema kama ametoka mbio, povu linatoka puani. Daktari wa mifugo alikuja, akafanya alichoweza. Siku ya tatu akafa, mjomba amemshika kichwa.

Daktari alisema angeweza kuumwa na kisubi jioni yoyote. Mjomba naye akanambia hivyo hivyo, nadhani ili nipate kulala. Lakini mimi najua usiku ule Asali alilala wapi, na najua kwa nini.

Ile elfu hamsini niliiongezea nikanunua simu ya mkononi mwa mtu. Ndiyo simu niliyoanzia kuandika haya mambo ya mastaa. Sijawahi kumwambia mtu.

Nilidhani nimejifunza. Mwezi uliopita nikampigia mjomba. Bado yuko kule kule, amezeeka. Tukasalimiana, nikamuuliza mvua, nikamuuliza goti lake. Akanyamaza kidogo, halafu akasema kwa upole kabisa, "Haya mjomba, sema. Unataka shilingi ngapi?"

Nikabaki nimeshika simu. Nikaanza kuhesabu mara ambazo nimempigia tangu niondoke Usa River. Nauli. Kodi. Bando. Zile nilizosema nitarudisha mwisho wa mwezi. Sikuipata hata moja ambayo nilipiga kumjulia hali tu.

Nikamwambia, sitaki kitu mjomba, nimepiga tu kukusikia. Akacheka. Akasema sawa, ila nilimsikia hajaamini, anasubiri. Mpaka tunakata simu alikuwa bado anasubiri.

Jumapili iliyofuata nikampigia tena. Na Jumapili iliyopita pia. Bado anauliza kuna nini, ila sasa anauliza mwishoni, siyo mwanzoni.

Haya, komenti ziko chini, tuambiane ni nani kwenu ambaye ukimpigia anajua tayari unataka hela. Ila matusi kwa staa sitayapitisha. Siku ile aliyeshika ndoo ni mimi.