Moto Juu, Moto Chini

Mama yangu anauza vitafunio vya sherehe. Kwetu Mbale hakuna anayeviita vitafunio. Vinaitwa baitingi, nami nitaandika hivyo hivyo, walimu wangu wanisamehe. Baitingi za Mama hazijabadilika tangu nilipokuwa shule ya msingi: sambusa za njegere na za nyama, kabalagala za ndizi, vipande vya kuku, mandazi madogo ya kutupia mdomoni. Vyote ni vya karai na mafuta.

Havikuwa hivyo kwa kupenda. Tunaishi Namatala, Divisheni ya Viwanda, na zamani Mama alikuwa na oveni ya umeme aliyoinunua ikiwa imeshatumika. Mwishoni mwa Julai 2022, Mto Nabuyonga na Mto Namatala ilifurika usiku mmoja. Watu walikufa katika mji wetu, kwa hiyo anayelia kwa ajili ya oveni huona aibu. Sisi tulitoka salama. Oveni ilijaa tope hadi kwenye nyaya. Fundi aliifungua, akachungulia, akaifunga tena, wala hakutudai chochote. Tangu siku hiyo Mama alirudi kwenye karai.

Likizo iliyopita mteja mmoja kutoka Senior Quarters alikuja kuagiza baitingi za mahafali ya binti yake. Alitaka sambusa 300, sawa. Halafu akasema anataka pia pestri 200 zilizotiwa jibini na jamu ya matunda, kama alizokula kwenye sherehe moja Kampala. Mama alinitazama. Mimi, kwa sababu nilikuwa nimekaa hapo nikimenya vitunguu na kujiona msomi, nikasema, "Hizo nazijua."

Nilikuwa nimekula moja tu maishani mwangu, chuoni, kwenye hafla ya wageni. Kujua ladha nilidhani ndiko kujua kupika.

Mteja alitoa shilingi 150,000 za kutangulia. Siku ya pili Mama alinipa fedha zile zote nikalipie salio la karo, kwa kuwa bila salio hilo nisingefanya mtihani. Kwa hiyo sikia vizuri: pestri zikiharibika, fedha ya kumrudishia mteja haikuwepo. Ilikuwa imekwisha kuwa risiti ya chuo.

Nilianza kwa kutafuta maelezo kwenye simu. Yote yaliandikwa kwa watu wenye friza. Toa unga uliokwisha kusukumwa kiwandani, weka jibini laini ya Ufaransa, weka kijiko cha jamu, kunja, tia kwenye oveni ya digrii 200 kwa dakika ishirini. Rahisi sana, waliandika. Kweli ni rahisi, mtu akiwa na vitu hivyo vyote. Mimi nilipata kipande cha Gouda kwenye duka kubwa karibu na mnara wa saa, kwa bei iliyonifanya nikisome kibandiko mara mbili. Dukani nilikuwa nimeuliza kwa ujasiri, "Mna jibini?" Muuzaji akasema hawana. Nilipoionyesha kwa kidole, akasema, "Aa, chizi!" Mwanafunzi mwenzangu kutoka Tanzania alicheka sana nilipomsimulia, kwani kwao chizi ni mtu aliyerukwa na akili. Kwa hali niliyokuwa nayo wiki ile, neno lilitosha kwa maana zote mbili.

Jaribio la kwanza nilifanya vipai kumi na viwili. Naviita vipai, kwa kuwa nilikata unga kwa mdomo wa glasi, nikatia jibini na jamu ya dukani katikati, nikakunja vikawa nusu duara. Nilitia mchanga kwenye sufuria kubwa, nikaiweka juu ya sigiri yenye makaa mengi, nikapanga vipai kwenye sahani ya bati juu ya mchanga, nikafunika. Baada ya nusu saa nilifunua. Mvuke ulikuwa umegeuka maji chini ya mfuniko na kudondoka. Juu vipai vilikuwa vyeupe na vimelowa, chini vilikuwa makaa. Jamu ilikuwa imechemka, ikapasua ukingo, ikamwagika, na jibini ikaifuata. Kilichobaki ndani ni uwazi.

Mama hakusema kitu. Alichukua kisu, akakwangua jibini iliyoganda kwenye sahani, akaipima kwa macho. Ukimya wa aina hiyo ni mzito kuliko kelele. Mjomba ndiye aliyesema. Mimi nilitahiriwa mwaka huo huo wa mafuriko, kwenye imbalu ya Agosti, na Mjomba alikuwa kati ya walionisindikiza kwa ngoma. "Mwanamume aliyesimama bila kupepesa," akasema, "leo anashindwa na kimkate." Akaongeza kwamba labda hivi ndivyo wanavyofundisha kwenye Kiswahili. Hilo ndilo lililoniuma. Nyumbani kwetu kusoma Kiswahili bado kulikuwa swali. Kwa kizazi cha Mama, Kiswahili ni lugha iliyokuja na bunduki kwenye vizuizi vya barabarani. Serikali imekwisha kuikubali kuwa lugha rasmi, lakini Mama aliniuliza mara nyingi: rasmi ya kula wapi?

Nyumba ya tatu kutoka kwetu anakaa bibi kizee ambaye watoto wote wa mtaa wanamwita Bibi wa Reli. Mumewe alifanya kazi katika Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na kabla Jumuiya haijavunjika mwaka 1977 walikaa Mombasa. Bibi alisikia harufu ya kuungua, akaja na fimbo yake. Alitazama sufuria, akatazama mfuniko mwembamba, akaniuliza kwa Kiswahili ambacho mimi hukisikia darasani tu:

"Mjukuu wangu, mbona hukupalia?"

Nilisimama kama mjinga. Kupalia nilikujua kwa maana ya kulima magugu. Kupaliwa nilikujua pia, chakula kikienda njia isiyo yake ukakohoa. Hakuna hata kimoja kilichohusu vipai vyangu. Bibi akacheka, akachukua koleo, akachota makaa ya moto kutoka kwenye sigiri, akayamwaga juu ya mfuniko.

"Hivi. Huku ndiko kupalia. Mkate wa kumimina utauivishaje bila moto wa juu?"

Usiku nilifungua kamusi. Neno lilikuwa humo siku zote, na maana hiyo ya makaa ipo, nami nilikuwa nimepita juu yake.

Bibi alitufundisha siku mbili. Mfuniko wetu aliukataa. Alituletea wake, wa chuma kizito, bapa, wenye ukingo ulioinuka ili makaa yasimwagike. Kanuni yake ilikuwa fupi: moto wa chini mchache, moto wa juu mwingi. Moto wa chini hupanda wenyewe, tena mchanga huushika na kuutunza, kwa hiyo ukiuzidisha umeunguza. Moto wa juu hausukumwi na kitu kushuka, lazima uwe na nguvu. Na mfuniko ukiwa wa moto, mvuke haugandi pale kuwa maji. Kuhusu digrii 200, alitaka kujua digrii ni nini, nikamweleza, akasema vyema, sasa tia unga kidogo kwenye sahani ufunike. Ukiwa mweusi upesi, punguza. Ukibaki mweupe, ongeza. Ukiwa rangi ya kahawia polepole, umeshafika. Sijapata kipimajoto cha bei nafuu kuliko hicho.

Jamu ya dukani tuliiacha. Ilikuwa na maji mno, na ikipata joto inakuwa kama uji. Tulikuwa katika msimu wa maembe, magari yakishuka na magunia kutoka Teso kwa barabara ya Kumi, na maembe yaliyopondeka kidogo yalikuwa karibu ya bure sokoni. Tulimenya, tukaponda, tukatia sukari nusu ya uzito wa nyama ya embe na maji ya ndimu tatu, kisha tukakoroga kwenye moto mdogo hadi mkono uchoke. Kipimo: dondosha tone kwenye sahani baridi, inamisha sahani. Tone likitiririka, endelea. Likikaa mahali pake kama mtu mkaidi, epua. Ndimu si ya ladha peke yake. Uchali wake huisaidia jamu kushika.

Unga ulikuwa wa ngano kilo mbili na nusu, Blue Band kilo moja na robo, chumvi, na maji baridi kiasi cha kuushikanisha tu. Mafuta yanasuguliwa kwenye unga kwa ncha za vidole hadi uwe kama chenga. Hapa siri ni ubaridi. Mafuta yakiyeyuka mkononi, kipai kinakuwa kigumu kama biskuti ya zamani. Sisi hatuna jokofu. Lakini Mbale alfajiri, hewa ikishuka kutoka Wanale, maji ya mtungi huwa baridi hadi meno yaume. Tulikanda saa kumi na moja za usiku, tukafunga unga kwenye majani ya mgomba, tukauzungushia mitungi miwili.

Siku ya sherehe tulikuwa watano jikoni. Mama, mimi, na wanawake watatu ambao Mama huwaita akiwa na kazi kubwa: Mwiteso mmoja, Mganda mmoja, na mama mmoja kutoka Karamoja ambaye mikono yake ni myepesi kuliko yetu sote. Kila mmoja ana lugha yake, na kazi ya karai haihitaji maneno. Kazi hii ilihitaji. Usiku nilikuwa nimeandika maelezo kwa Kiswahili kwenye karatasi ya kalenda, nikayabandika ukutani. Sukuma unga uwe mwembamba kama chapati. Kata duara kwa glasi. Jibini kiasi cha karanga mbili, jamu kiasi cha karanga moja, usizidishe. Lowesha ukingo. Kunja. Finya kwa uma. Toboa tundu moja juu, mvuke upate mlango. Paka yai.

"Finya" ilileta mjadala. Mama wa Karamoja alifinya kwa vidole kama anayemwadhibu mtoto, vipai vikachanika. Mganda akasema afadhali "bana". Mwiteso akatoa neno lake, ambalo sikulishika, lakini alilionyesha kwa uma na sote tukaona. Nilifuta "finya", nikaandika "bana kwa uma". Hadi leo sina hakika kama ni sahihi, ila vipai havikufunguka tena. Nilimwona Mama, ambaye huwa hazungumzi Kiswahili nami hata kidogo, akisimama mbele ya ile karatasi na kusoma mstari kwa mstari akitumia kidole chenye unga, kisha akamwambia Mwiteso, "Dada, tundu. Umesahau tundu."

Sufuria mbili, vipai kumi na viwili kila moja, dakika ishirini hivi kwa duru. Hesabu ilinipa duru tisa, saa tatu. Hesabu haikuwa na mvua. Duru ya sita matone yalianza, na moto wa juu, ndugu zangu, ndio wa kwanza kuiona mvua. Makaa juu ya mifuniko yalilia na kuzima. Tulibeba sigiri tukaziingiza ukumbini, tukafungua madirisha yote kwa sababu ya moshi, Mjomba akiwa wa kwanza kushika sigiri moja kwa matambara bila kuambiwa na bila kutoa hotuba. Vipai vilivyokuwa ndani wakati ule vilinywea. Tulipomaliza, Mama alihesabu: vizuri 187. Vibaya kumi na vitatu.

Nilipendekeza tuvipange kwa ustadi kwenye masinia. Nani atahesabu pestri kwenye mahafali? Mama alinitazama vilevile kama siku ya jaribio la kwanza. Alimpigia mteja, akamwambia idadi, akasema sambusa thelathini za nyongeza hazina malipo. Mteja alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama zimefanana na za Kampala. Mama akasema, "Sijala za Kampala. Hizi zina embe."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya meza ya chakula wageni walipoanza kula. Wazee waliziendea sambusa kwanza, kama kawaida yao. Vijana walichukua vipai, wakauma, wakasita, kwani jibini ya chumvi na embe tamu havitarajiwi pamoja. Kisha walirudi. Masinia ya vipai yaliisha kabla ya hotuba ya mgeni rasmi, na salio la fedha tulilipwa jioni ile ile, kamili.

Nyumbani Mjomba alikuwa amekwisha kula vipai vitano kati ya vile kumi na vitatu, akisema anasaidia visitupwe. Nilichukua viwili vilivyopona kidogo, nikavifunga, nikabeba na mfuniko wa chuma uliosuguliwa, nikaenda kwa Bibi wa Reli. Alikagua mfuniko kwanza, pande zote mbili. Kisha akauma kipai, akatafuna polepole kwa upande wenye meno.

"Jamu nzuri," akasema. Akakigeuza kipai, akatazama chini yake kwenye mwanga wa taa. "Moto wa chini ulizidi kidogo."