Namoto: Mchanga Ndio Uchaguao Gari

Mwenye kutoka Mtwara mjini akashika njia ya kusini hufika Kilambo, ukingoni mwa mto Ruvuma, baada ya mwendo wa kiasi cha kilomita 40. Ng'ambo ya mto ndiyo Msumbiji, na kituo cha kwanza cha mpaka upande wa huko ni Namoto, katika wilaya ya Palma, mkoa wa Cabo Delgado. Kituo hicho hakikujengwa ukingoni penyewe. Kiko kilomita chache ndani, kikiwa kimeacha nyuma mto wenye viboko na mamba, na mikoko inayoufuata mto huo mpaka baharini. Lugha ya serikali huko ni Kireno, lakini Mswahili hapotei njia, kwa maana pamoja na Kimakonde na Kimwani, Kiswahili nacho husemwa tangu zamani katika pwani hiyo.

Mpaka huu haukutulia mara moja. Mwaka 1894 Wajerumani waliitwaa Kionga, iliyo jirani, pamoja na pembe ya nchi iliyo kusini mwa mdomo wa Ruvuma. Wareno waliirudisha mikononi mwao mwezi Aprili 1916, katika Vita Vikuu vya Kwanza, na mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukaithibitisha kuwa yao. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, mto ukawa mpaka wa nchi mbili zilizokwisha kusaidiana katika vita vya ukombozi.

Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010, liko mbali sana upande wa bara, kati ya Mtambaswala na Negomano. Huku pwani msafiri alitegemea maji. Kivuko cha magari kilipokuwapo, kilingoja bahari ijae ndipo kielee vema. Kilipokosekana, watu walivuka kwa mitumbwi na mashua za mashine. Kabla ya vita vilivyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, waliovuka walipandia magari ya wazi, ambayo wenyeji huyaita chapa, yakawapeleka Palma na mbele zaidi. Njia ilikuwa ya mchanga. Katika njia kama hiyo abiria haulizi gari lina rangi gani wala liliundwa mwaka gani. Huuliza kama litapita. Dereva ajuaye kazi yake hupunguza upepo wa matairi ili yatandae juu ya mchanga, naye hakanyagi mafuta kwa pupa, kwani gurudumu lizungukalo bure hujichimbia kaburi.

Tumeanza na magari makubwa kwa sababu sheria hiyo ndiyo iyatawalayo na madogo. Makala haya yanawahusu wazazi, hasa askari na polisi wanaokaa mbali na nyumba zao, ambao wangependa kuunda gari dogo pamoja na mtoto wakati wa likizo. Magari ya namna hiyo sasa ni mengi, na hapana budi kuchagua.

Gari la waya

Lianze gari lisilonunuliwa. Katika nchi nyingi za upande huu wa Afrika, Msumbiji ikiwamo, na Malawi ambako huitwa galimoto, watoto huunda magari ya waya. Waya mnene hukunjwa kuwa fremu na bodi. Waya mwembamba hufunga maungio, maana hapana ulehemu wala misumari. Magurudumu hukatwa katika kandambili zilizochakaa, au hufanywa kwa vifuniko vya makopo na vizibo vya chupa. Ekseli ya mbele huachwa ikicheza, na kutoka hapo hupanda ufito mrefu hadi kifuani mwa mtoto, nao huishia katika duara la usukani. Mtoto hukimbia nyuma ya gari lake akikata kona.

Jambo hili lataka kutazamwa vizuri. Gari la waya ni gari linaloongozwa na mtu aliye nje yake, kama lilivyo gari la redio. Tofauti ni kwamba amri hupita katika ufito badala ya mawimbi ya hewani, na injini ni miguu ya mtoto. Aliyeunda moja amekwisha kujifunza kwamba magurudumu mawili ya mbele hayana budi kugeuka pamoja. Kwamba ekseli iliyopinda hulivuta gari kando. Na kwamba uzito uliolundikana mbele hulizamisha mchangani. Mambo hayo hayo ndiyo yaandikwayo katika vitabu vya magari ya kununua.

Magari ya sandukuni

Magari ya redio yaletwayo sandukuni yakiwa vipande vipande yalipata sifa kubwa kutokana na viwanda vya Japani. Kampuni ya Tamiya, ya mji wa Shizuoka, ilitoa kifaru cha redio mwaka 1974, na mwaka 1976 ikatoa gari lake la kwanza la namna hiyo, mfano wa Porsche 934. Mnunuzi hupata vipande vya plastiki, skrubu, gia, mota na kitabu cha michoro. Kazi ya kuunga ni yake mwenyewe. Hiyo ndiyo faida yake kubwa kuliko gari linalonunuliwa likiwa kamili, kwa kuwa aliyelifunga kwa mkono wake aweza kulifungua likiharibika.

Yafaa kwanza kuelewa kipimo. Sanduku lililoandikwa 1/10 lina gari lililopunguzwa mara 10. Gari halisi la mita 4 huwa na sentimita 40. Kwa kipimo cha 1/24 gari hilo huwa na sentimita 17 hivi, na kwa 1/28 hubaki sentimita 14. Lakini mchanga haupunguzwi. Punje ya Namoto ni ile ile, liwe gari la chapa au la kitoto, na kadiri gari linavyozidi kuwa dogo ndivyo punje hiyo inavyozidi kuwa jiwe.

Chaguo la kwanza, basi, ni magari madogo kabisa, kama yale ya Mini-Z yaliyotolewa na kampuni ya Kyosho tangu mwaka 1999 kwa kipimo cha 1/28. Hutumia betri ndogo 4 za namna iingiayo katika tochi nyembamba, na nafasi yake ya kuchezea ni sakafu ya sebule au ukumbi wa saruji. Kwa familia inayokaa katika nyumba za kambi, zenye sakafu laini, ni gari zuri na halisumbui jirani. Likitolewa mchangani, hata unyayo wa kuku ni bonde kwake.

La pili ni gari la barabarani la kipimo cha 1/10, ambalo mfano wake ni TT-02 la Tamiya, lililotoka mwaka 2013. Mota yake huzungusha magurudumu yote manne kwa njia ya shafti. Ni gari imara na hufunza mengi kuhusu gia na difu. Lakini tumbo lake li karibu na ardhi, na hustawi penye lami au uwanja wa saruji. Njia yenye kokoto hulikwaruza, na mchanga laini hulikamata.

La tatu ni gari la mchangani, la wazi, lenye matairi mapana. Katika haya, Grasshopper la Tamiya, lililotoka mwaka 1984 na kurudishwa tena sokoni mwaka 2005, ni mfano unaojulikana sana. Huendeshwa na magurudumu mawili ya nyuma tu, na mota yake imekaa huko huko nyuma, hivyo uzito hukandamiza magurudumu yanayosukuma. Gia zake zimefungwa ndani ya kasha, mchanga usiingie kwa urahisi. Magari ya mchangani yenye kuvuta kwa magurudumu manne yapo, nayo hushika ardhi vizuri zaidi. Lakini gia huongezeka, maungio huongezeka, na kila kilichoongezeka ni kitu kiwezacho kuvunjika. Kwa mwanafunzi, na kwa mahali ambapo kila kipuri huagizwa kutoka mbali, uchache wa vipande ni utajiri.

Yasiyoandikwa juu ya sanduku

Mnunuzi ajihadhari na jambo moja: mara nyingi sanduku halina kila kitu. Rimoti na kipokezi chake, mota ndogo igeuzayo usukani, betri na chaja huweza kuuzwa mbali mbali. Hesabu ifanywe ya vyote pamoja kabla ya kutoa fedha, la sivyo mtoto atapata gari zuri la kuwekwa kabatini.

Kisha ni umeme. Betri ya kawaida ya magari ya 1/10 ina volti 7.2, nayo hulipeleka gari kwa muda wa robo hadi nusu saa, ndipo ihitaji kuchajiwa. Pasipo na umeme wa gridi, itafutwe chaja iwezayo kutumia betri ya volti 12, kama ile ya gari au ya umeme wa jua. Betri za nikeli huvumilia mikono ya wanaojifunza. Betri za lithiamu ni nyepesi na zina nguvu zaidi, lakini ikitobolewa au ikichajiwa vibaya yaweza kuvimba na kuwaka moto. Isiachwe ikichajiwa chumbani watu wamelala.

Gari lisiendeshwe penye maji ya chumvi, wala pwani maji yanapokupwa na mchanga ukiwa bado umelowa. Chumvi hula mota, beringi na nyaya. Baada ya kila mwendo, mchanga ufutwe kwa brashi kavu, na grisi itiwe ndani ya gia tu, kwa kuwa grisi ya nje hukamata vumbi na kugeuka msasa.

Chuma cha kuokota na chuma cha kuacha

Lipo jambo zito zaidi katika nchi ya Cabo Delgado. Mkoa huu ulipigana vita vya ukombozi kuanzia tarehe 25 Septemba 1964, na katika vita hivyo na vile vilivyofuata baada ya uhuru, mabomu mengi ya ardhini yalifukiwa nchini Msumbiji. Kazi ya kuyaondoa ilichukua zaidi ya miaka 20, na tarehe 17 Septemba 2015 nchi ikatangazwa kuwa haina tena maeneo ya mabomu ya ardhini yajulikanayo. Miaka miwili tu baadaye vita vipya vikaanza, na tarehe 24 Machi 2021 Palma yenyewe ikashambuliwa. Silaha ambazo hazikulipuka huachwa nyuma na kila vita.

Kwa sababu hiyo, somo la gari la waya lazima liwe na sehemu ya kwanza kabla ya koleo. Mtoto afundishwe kwamba waya na kopo huombwa nyumbani, dukani au kwa fundi. Haviokotwi porini, wala kando ya njia, wala katika nyumba iliyohamwa. Chuma asichokijua asikiguse, asikipige jiwe, asikilete nyumbani. Arudi kwa njia aliyoijia, akamwambie mtu mzima, naye apeleke habari kwa wenye mamlaka. Mzazi aliye askari ajua maana ya maneno haya kuliko mwandishi. Amweleze mwanawe kwa kinywa chake.

Gari la redio nalo lina adabu yake. Kitu kidogo chenye betri na nyaya, kinachotambaa chenyewe njiani, chaweza kumtia mlinzi shaka katika eneo la mapigano, na mlinzi huyo hana kosa. Lisiendeshwe karibu na kituo, kizuizi au njia ya magari ya jeshi. Mwenye kulivusha mpakani alitangaze mapema na kulifungua mezani kabla ya kuulizwa, betri zikiwa zimetolewa.

Baada ya hayo, ushauri wetu ni huu. Aanze mtoto na gari la waya, hata kama baba anao uwezo wa kununua. Litakapokata kona bila kupinduka, na mtoto akaweza kueleza kwa nini, anunuliwe gari la mchangani la magurudumu mawili ya kusukuma. Familia ikaayo penye saruji na lami iangalie yale mawili mengine. Wala si haya, maana gari huchaguliwa na ardhi.

Na wakati wa kufunga skrubu, bisibisi iwe mkononi mwa mtoto, baba ashike kitabu. Likizo ya askari ni fupi, na gari hili litaharibika baada ya yeye kurudi kazini. Siku hiyo hapatakuwa na fundi nyumbani ila mtoto mwenyewe, akiwa na koleo, kipande cha waya, na kumbukumbu ya alivyoonyeshwa. Gari bora ni lile ambalo siku hiyo, baba akiwa mbali, litaweza kutembea tena.