Neno la Kitabuni na Neno la Kijijini

 

Mmisionari mmoja kijana alikuja kwetu Mgori akiwa bado anajifunza Kiswahili, nacho kilikuwa cha vitabuni. Tulipomtembelea bibi mmoja mgonjwa, alimwuliza, "Je, wasumbuliwa na maradhi gani?" Bibi yule, ambaye nyumbani huzungumza Kinyaturu, alinitazama mimi. Nikasema, "Bibi, unaumwa wapi?" Akaonyesha kifua, na maongezi yakaanza.

Njiani nikamshauri, "Ndugu yangu, maneno ya Misale yaache altareni. Sema kama watu wasemavyo." Nilijiona mwalimu.

Wiki chache baadaye tuliitwa kwa mzee mmoja. Mwanafunzi wangu, kwa utii, alitumia neno aliloliokota kijijini: "Mzee, tumekuletea mpako wa mwisho." Mzee akageukia ukutani. "Mimi sijafa," akasema. Siku ile hakukubali kupakwa mafuta. Tulirudi kimya, nami nikijua kwamba kosa lilikuwa langu.

Safari hii neno la kitabuni, Mpako wa Wagonjwa, ndilo lililobeba huruma. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba jina hilo ndilo linalofaa zaidi, kwa kuwa sakramenti hii si ya wale tu wanaokata roho. Mwaka 1972 Papa Paulo VI akaitengeneza upya ibada yake. Lakini wengi wetu tumebaki na jina la zamani pamoja na hofu yake, na ndiyo maana padre huitwa usiku wa manane, mgonjwa akiwa hajitambui tena.

Kesho yake nilirudi peke yangu. Nikamwambia, "Mzee, hii ni sala ya kumwombea mgonjwa nguvu. Si ya kuagana." Alinyamaza kidogo, kisha akanyosha mikono yake mwenyewe ipakwe mafuta.

Tangu hapo simwambii anayejifunza lugha achague neno la kitabuni wala la kijijini. Namwambia amtazame kwanza yule atakayelisikia.

Nanyi mlio na wagonjwa nyumbani, msingoje dakika ya mwisho. Mwiteni padre mapema, na sakramenti hii muiite kwa jina lake.

Nawatakia Dominika njema.