Presha ya Oili

Watu wengi hudhani ile taa nyekundu yenye umbo la birika kwenye dashibodi inamaanisha oili imeisha. Hapana. Inamaanisha presha imeshuka. Oili inaweza kuwa imejaa kule chini lakini haipandi, na chuma kikisuguana na chuma, injini haichukui muda kufa.

Probox ya marehemu baba ilikuwa na oili ya kutosha. Taa iliwaka tu, Mama akitoka Mbita na magunia ya omena. Siku iliyofuata baba mdogo alikuja na mnunuzi wa vyuma chakavu. "Mjane na msichana watafanyia nini gari bovu?" alimuuliza, kana kwamba hatupo. Mama akaomba wiki moja.

Nilisomea umekanika, lakini gereji niliyopata hapa Homa Bay ilinipa kazi ya kuosha spea tu. Basi nikafanyia kazi nyumbani, chini ya mwembe. Niliazima kipimo cha presha, nikakifunga palipokuwa na swichi ya oili. Mshale haukuinuka sana kutoka sifuri.

Mama akachungulia. "Kumbe nalo lina presha kama mimi?"

"Yako iko juu, Mama. Yake iko chini."

Injini ya 1NZ ni kaidi: pampu imo ndani ya kifuniko cha cheni ya taimingi, kwa hivyo huifikii bila kufungua upande mzima. Nilimwaga oili, nikashusha sampu, nikakuta chujio limezibwa na tope jeusi. Boliti za kila sehemu nilizitia kwenye mkebe wake wa Kimbo. Kwa kuwa nilishafika ndani, nilibadilisha pia cheni, miongozo yake, tenshona na sili ya krenki. Mama alilipa kwa zamu yake ya chama, pesa aliyokuwa ameiwekea mabati.

Alama za cheni nilizikagua mara tatu. Usiku sikulala vizuri, bana.

Pampu mpya haifungwi kavu. Niliijaza oili kwanza. Silikoni ilipokauka, nikaweka filta mpya na lita 3.7 za oili, nikachomoa waya za koili na za injekta ili injini izunguke bila kuwaka. Mama akashika ufunguo.

"Zungusha."

Taa ikabaki nyekundu.

"Tena."

Ikazimika.

"Nyara," akasema, halafu akanyamaza kidogo. "Rudisha hizo waya. Kesho nina safari."

Wiki ilipoisha, baba mdogo alimkuta mimi tu na mwembe. Mama alikuwa ameondoka alfajiri. Nikamletea mnunuzi pampu kuukuu na cheni yake. Akazipima, akanihesabia sarafu bila neno. Nilizitia kwenye mkebe wa Kimbo, mwanzo wa mabati.